Nilijifungua kwa upasuaji, mtoto akapelekwa chumba kingine. Nimechelewa kumnyonyesha?

Shikamoo Mama Mkunga,

Mimi ni mama wa mtoto mmoja, naishi Morogoro. Mwanangu wa kiume ameingia wiki ya pili sasa. Uchungu ulinianza vizuri tu, lakini njia haikufunguka yote, na baadaye wakasema mapigo ya moyo ya mtoto yanashuka. Nikasaini fomu, nikapelekwa thieta. Nilichomwa ganzi ya mgongo, kwa hiyo nilikuwa macho. Nilimsikia akilia. Nesi akanionyesha haraka, akanigusisha shavu lake, kisha mtoto akafungwa kanga na kuondolewa. Niliingia thieta asubuhi, nikamwona tena jioni. Nilipouliza niliambiwa yuko chumba cha joto, hana tatizo lolote, anamsubiri mama tu.

Huko nje mama mkwe alikuwa na wasiwasi kwamba mjukuu wake ana njaa, akaruhusiwa kumpa maji ya glukosi kwa kijiko. Nilipoletewa mtoto alikuwa amelala fofofo. Nikampa titi, akalamba akaachia. Maziwa yalikuwa hayajaja, ni matone ya njano tu. Kesho yake vilevile. Siku ya tatu wakanunua maziwa ya kopo. Siku ya nne matiti yakajaa mpaka yakauma, lakini mtoto alishazoea chupa. Nikimpa titi anajikunja, anarusha miguu, na teke likitua kwenye mshono machozi yananitoka.

Sasa namnyonyesha kidogo halafu namalizia na chupa, karibu kila mara. Naona matiti yamelegea, nadhani maziwa yanakauka. Mama mkwe, ambaye ananihudumia kwa moyo wote wala simlalamikii, anasema mwanamke aliyepigwa kisu maziwa yake hayana nguvu, ganzi na sindano zimeyachafua, bora mtoto abaki na kopo. Wifi yangu yeye alijifungua kawaida, akanyonyesha saa ileile, na kila akija lazima alisimulie.

Kinachoniumiza zaidi ni kwamba kliniki tulifundishwa mtoto awekwe kifuani kwa mama, ngozi kwa ngozi, na anyonye ndani ya saa moja. Saa hiyo mimi ilinipita nikiwa nashonwa. Najiona nimemnyima mwanangu kitu ambacho hakirudi. Je, nimechelewa? Ni kweli dawa zimeharibu maziwa? Nimshike vipi asiniumize kidonda? Mume wangu aliwahi kuuliza kama yeye anaweza kumweka mtoto kifuani kwake, watu wakamcheka, akanyamaza. Na mtoto wa pili, nikipasuliwa tena, itakuwa hivihivi?

Mama Kijana, Morogoro


Marahaba mwanangu. Hongera kwa uzazi, na pole kwa kisu.

Hujachelewa. Nimelitanguliza hilo ili usisome barua yote roho ikiwa juu. Saa ya kwanza ni saa nzuri sana, na ulichofundishwa kliniki ni kweli. Lakini mtoto wa wiki mbili bado analitafuta titi kwa harufu na kwa mdomo, na titi la wiki mbili bado linaongeza maziwa kadiri linavyonyonywa. Nimewaona akina mama walioanza upya mtoto akiwa na mwezi, wakafika. Kazi ipo, sikufichi, lakini mlango haujafungwa.

Kabla ya yote, kesho asubuhi mpeleke mtoto kliniki akapimwe uzito. Kila mtoto mchanga hupungua siku za mwanzo, na kupungua mpaka asilimia 7 hivi ni jambo la kawaida. Ikikaribia 10 tunamfuatilia kwa karibu. Kufikia wiki mbili wengi wao wamerudia uzito wa kuzaliwa. Mtoto wa upasuaji mara nyingine huonekana kupungua zaidi kwa sababu ya dripu. Maji uliyotundikiwa wakati wa uchungu na thieta mengine humfikia yeye, anazaliwa na uzito wa maji hayo, kisha anayakojoa siku ya kwanza. Bibi akiangalia kadi anaona mtoto amekonda, kumbe ni mkojo. Hesabu pia nepi: mtoto wa umri wake anatakiwa kukojoa mara 6 au zaidi kwa saa 24, mkojo mweupe, na choo kiwe cha njano. Ila kwa kuwa anapata na kopo, nepi hizo zitakuambia kwamba anashiba kwa jumla. Hazitakuambia kiasi kinachotoka kwako. Ndiyo maana nataka mizani, na nataka uirudie kila wiki tutakapokuwa tunapunguza kopo.

Sasa nikueleze yaliyokupata, maana naona umeyabeba kama kosa lako.

Maziwa huanza kutengenezwa kwa wingi baada ya kondo la nyuma kutoka. Likitoka, homoni iliyokuwa ikiyazuia inashuka, na kazi inaanza. Kondo lako lilitoka. Mwili hauulizi kama limetoka kwa kusukuma au kwa mkono wa daktari. Kwa kawaida matiti hujaa siku ya pili au ya tatu, na kwa aliyepasuliwa, hasa baada ya uchungu mrefu kama wako, huweza kuchelewa siku moja hivi kwa sababu ya uchovu, damu iliyopotea, maumivu, na mtoto kukaa mbali. Yako yalijaa siku ya nne. Kwa mwanamke aliyetoka kwenye upasuaji wa dharura, hiyo ni nzuri kabisa.

Yale matone ya njano uliyoyaona hayatoshi ndiyo yaliyokuwa chakula chenyewe. Ni dang'a. Siku ya kwanza mtoto anahitaji kiasi cha kijiko kimoja cha chai kwa mnyonyo mmoja, pengine pungufu, na matone hayo yamejaa kinga ambayo kopo halina. Ungekuwa na mtu pembeni wa kukuonyesha namna ya kuyakamulia kwenye kijiko safi na kumnywesha, maji ya glukosi yasingehitajika. Na mtoto aliyeshibishwa glukosi analala. Ukimpa titi analamba na kuachia, mama anaamini mtoto amelikataa, kumbe hana njaa tu.

Kuhusu kutenganishwa, nitasema wazi kwa kuwa nimekaa wodi ya wazazi miaka mingi. Mama aliye macho na mtoto aliyelia vizuri hawana sababu ya kitabibu ya kukaa vyumba viwili kutwa nzima. Shirika la Afya Duniani na UNICEF walitoa hatua 10 za kufanikisha unyonyeshaji mwaka 1989, wakazipitia upya mwaka 2018. Hatua ya nne inataka mtoto awekwe ngozi kwa ngozi na mama mara anapozaliwa, bila kukatizwa, na mama asaidiwe kunyonyesha mapema iwezekanavyo. Aliyechomwa ganzi ya mgongo anaweza kuanzia palepale thieta. Aliyepewa nusukaputi anaanza akishaamka na kujitambua. Najua hali ilivyo: nesi ni mmoja, meza ya thieta ni nyembamba, kiyoyozi kinapuliza, mkono mmoja una dripu na mwingine umefungwa kipimo cha presha. Lakini hayo ni mambo ya mpangilio na mpangilio hubadilishwa. Nimeona wodi zikiubadilisha kwa kumteua nesi mmoja tu wa kusimama upande wa kichwa cha mama. Wewe ulikuwa umelala tumbo likiwa wazi. Hukumnyima mtoto wako chochote.

Tuje kwenye kazi yenyewe.

Ngozi kwa ngozi haiishii siku ya kuzaliwa, na kwa mtoto anayejikunja mbele ya titi ndiyo dawa ya kwanza ninayoitoa, kabla ya vidonge na kabla ya supu. Chagua wakati ambao ameanza kuchezesha mdomo na kugeuza kichwa, lakini bado hajalia. Mtoto aliyekwisha kulia ana hasira, hafundishiki. Chupa isiwepo chumbani. Mvue nguo zote abaki na nepi. Wewe vua blauzi na sidiria. Egemea mito miwili au mitatu ukae nusu umelala, mgongo ushikwe vizuri, usinyooke kama mtu wa mezani. Mlaze kifudifudi juu kabisa kifuani, katikati ya matiti, halafu miguu yake ipeleke pembeni, kuelekea ubavu wako, ili mwili ukae mshazari na visigino visiufikie mshono. Mfunike mgongo kwa kanga, wewe na yeye pamoja. Uso uelekee upande mmoja, pua iwe wazi uione, shingo isikunjamane.

Kisha usifanye kitu. Usimsukume kichwa. Akina mama wengi wanaharibu hapa kwa sababu wanataka anyonye sasa hivi. Mtoto ana mwendo wake, na ukimwachia utauona. Kwanza anatulia kabisa kana kwamba amelala. Baadaye anafungua macho. Anaanza kutoa ulimi, anapeleka ngumi mdomoni, anailamba, anaipeleka kwenye titi, anairudisha mdomoni. Anapumzika. Anasukuma kwa miguu, kichwa kinadunda kifuani kwako, anasogea vidole viwili, anapumzika tena, na wewe unadhani amekata tamaa. Halafu anafika kwenye chuchu, anailamba kwanza, anainusa, ndipo anafungua mdomo. Siku ya kuzaliwa safari hiyo huweza kuchukua saa nzima au zaidi. Mtoto wako mkubwa kidogo anaweza kufika mapema, au siku za mwanzo asifike kabisa akalala tu kifuani. Akilala, muache alale. Unataka kifua chako kiwe tena mahali pa raha kwake, maana sasa hivi kwake titi ni mahali pa vita.

Fanya hivyo mara mbili au tatu kwa siku, kila mara kama saa moja. Kama umechoka sana au umekunywa dawa inayolevya, awepo mtu wa kukuangalia, na usingizi ukikuzidi mtoto ahamishiwe kitandani kwake, alazwe chali. Na usilale naye kwenye kochi.

Kinachofanyika ndani yako wakati huo ni kikubwa. Akikuchezea kifua kwa viganja, mwili unamwaga oksitosini, homoni inayosukuma maziwa yatoke. Homoni hiyohiyo inabana kizazi, ndiyo maana wengine husikia tumbo linanyonga wakati wa kunyonyesha. Hiyo ni dalili njema. Mwaka 2016 mtandao wa watafiti wa Cochrane ulikusanya majaribio 46 yenye akina mama 3,850 na watoto wao, waliopasuliwa wakiwemo. Waliokaa ngozi kwa ngozi mapema walikuwa na uwezekano mkubwa zaidi wa kuwa bado wananyonyesha mwezi mmoja mpaka wa nne baadaye. Wewe umeanza kwa kuchelewa, lakini homoni ni zilezile.

Mshono sasa. Kumpakata mtoto mapajani tumbo kwa tumbo, kama wanavyokaa wengi, si mkao wako kwa wiki hizi. Una mikao miwili bora. Wa kwanza ni wa kwapani: weka mto ubavuni, mlaze mtoto juu yake, miguu yake ipite chini ya kwapa lako ielekee nyuma, kichwa chake kiwe kwenye kiganja chako mbele ya titi. Kwa mkao huu hawezi kukupiga teke hata akitaka. Kama ukutani kuna nafasi ndogo, mgeuze miguu iende juu, isije ikapata pa kusukumia. Mkao wa pili ni wa kulala ubavu, mzuri sana usiku. Lala upande mmoja, mto mgongoni, mto kati ya magoti, taulo dogo lililokunjwa juu ya mshono, na mtoto alale ubavu akikutazama. Kugeuka kitandani ndiko kunakouma. Kabla hujageuka kunja magoti, bana mshono kwa kiganja au mto, kisha geuka mwili mzima kwa pamoja.

Vyovyote utakavyokaa, pua yake iwe usawa wa chuchu, umsubiri afungue mdomo wazi kabisa, ndipo umlete yeye kwenye titi. Usilipeleke titi kwake kwa kuinama, mgongo utakufa na yeye atashika chuchu tupu. Akishika vizuri, kidevu kimezama kwenye titi, mdomo wa chini umebinuka nje, na weusi wa titi unaonekana zaidi juu ya mdomo wake kuliko chini. Utamsikia akimeza. Ukiona mashavu yanabonyea ndani na chuchu inauma kila anapovuta, ingiza kidole safi pembeni ya mdomo, mwachishe, uanze upya. Hata mara tano.

Chupa tuiondoe, lakini kopo usilikate ghafla. Hapo naomba unielewe vizuri, kwa sababu kuna akina mama wanaosoma ushauri wa namna hii wakaacha kopo siku moja, na mtoto akapungua. Chupa humwaga maziwa bila mtoto kufanya kazi, ndiyo maana titi linaonekana gumu kwake. Kiasi anachoongezewa kiwe kwenye kikombe kidogo kisafi: mkalishe wima, ukingo wa kikombe uguse mdomo wa chini, maziwa yaguse tu mdomo, ayanyonye mwenyewe kwa ulimi, usimmiminie. Kila mlo titi litangulie, yote mawili, kisha kikombe. Mnyonyeshe mara 8 mpaka 12 kwa saa 24. Baada ya kunyonya, kamua dakika chache kila upande, na kitakachotoka, hata kama ni vijiko viwili, ndicho kitangulie kwenye kikombe mlo unaofuata kabla ya kopo. Usiache kunyonyesha au kukamua usiku, maana prolaktini, homoni inayotengeneza maziwa, hupanda zaidi usiku.

Kukamua kwa mkono: nawa, weka kidole gumba juu na cha shahada chini, pale weusi wa titi unapoishia. Sukuma kuelekea kifuani, kisha bana vidole pamoja, achia. Usivute chuchu, chuchu haina ghala. Dakika ya kwanza huenda kusitoke kitu, endelea, zungusha vidole pande zote. Kwa joto la huko kwenu, maziwa uliyokamua yakikaa nje kwenye chombo safi chenye kifuniko, mahali penye ubaridi, yasizidi saa 4.

Baada ya siku kadhaa utaona anaacha mwenyewe maziwa kwenye kikombe. Hapo anza kupunguza kidogo kidogo, huku nesi wa kliniki akiangalia mizani. Akiongezeka angalau gramu 125 kwa wiki, endelea kupunguza. Asipofika hapo, subiri, usipunguze zaidi, na nesi aangalie anavyonyonya.

Umesema matiti yamelegea. Hilo peke yake lisikutishe. Ule ujazo wa siku ya nne una uvimbe ndani yake, na kwa kawaida hushuka kufikia wiki ya pili hata kwa mama ambaye maziwa yake yanamwagika. Titi laini si titi tupu. Ni kweli pia kwamba kila chupa anayopewa ni mnyonyo ambao titi halikupata, kwa hiyo kupungua kidogo kunawezekana. Kote kuwili dawa ni moja, anyonye zaidi.

Dawa hazikuyachafua maziwa. Ganzi ya mgongo huchomwa kwa kiasi kidogo karibu na mishipa ya fahamu, inayofika kwenye damu ni kidogo mno, na wiki hii haimo tena mwilini. Parasetamo, ibuprofeni na diklofenaki hutumiwa na wanaonyonyesha, na sindano za antibaiotiki zinazotolewa kwa kawaida baada ya upasuaji hazikukatazi kunyonyesha. Ninazokutahadharisha ni kodeini na tramado. Mwaka 2017 mamlaka ya dawa ya Marekani ilionya wanaonyonyesha wasizitumie, kwa sababu zinaweza kumlewesha mtoto na kumpunguzia pumzi. Angalia bahasha za dawa zako. Ukiikuta mojawapo, rudi hospitali uombe ubadilishiwe, usinyamaze na maumivu. Mama mwenye maumivu makali maziwa yake hushuka kwa shida, hivyo ile parasetamo uliyoandikiwa imeze kwa saa yake.

Mama mkwe wako usigombane naye, mwanangu. Mama anayekupikia, kukufulia nepi na kukuamkia usiku ni utajiri. Huenda aliona wanawake waliopasuliwa zamani wakilala hoi na watoto wao wakilelewa na bibi kwa maziwa ya ng'ombe, akahitimisha kwamba kisu kinaua maziwa. Hofu yake ni mjukuu kufa njaa. Basi nenda naye kliniki, aone mizani kwa macho yake na amsikie nesi. Nyumbani mpe kazi ya kikombe. Atakuwa mikononi mwake mtoto akishiba, na hatakuwa na haja ya chupa. Mtori wake na uji wake wa ulezi kula, vyote ni chakula kizuri cha mzazi. Mambo mawili tu umkatalie kwa adabu: kukukanda tumbo kwa maji ya moto, kwa sababu una mshono, na kumpa mtoto maji, glukosi, asali au dawa ya tumbo. Mpaka miezi 6 mtoto hahitaji hata maji, na asali inaweza kumletea mtoto wa chini ya mwaka mmoja sumu ya hatari inayolegeza misuli. Wifi mwache asimulie.

Mumeo nampa heshima yangu, mfikishie. Waliomcheka hawajui. Mwaka 1978 huko Bogotá, Colombia, daktari Edgar Rey aliona wodi yake haina mashine za joto za kutosha kwa watoto njiti, akaanza kuwaweka vifuani mwa mama zao. Ndiyo asili ya huduma tunayoiita kangaruu. Mwaka 2021 ukatoka utafiti wa Shirika la Afya Duniani uliofanyika katika hospitali 5 za Ghana, India, Malawi, Nigeria na Tanzania, na yetu ilikuwa Muhimbili. Watoto waliozaliwa na kilo 1 mpaka chini kidogo ya kilo 1.8 waliowekwa kifuani mapema, bila kusubiri kwanza watengamae kwenye mashine, vifo vyao vilikuwa pungufu kwa asilimia 25. Pale mama alipokuwa hawezi, mtu mwingine wa familia alishika nafasi. Na Sweden walichapisha mwaka 2007 utafiti wa watoto wa upasuaji kama wako: waliokaa kifuani kwa baba wakati mama bado anahudumiwa baada ya upasuaji, walilia kidogo na kutulia mapema kuliko waliolazwa kitandani pembeni ya baba. Kwa hiyo jioni hii avue shati, akae kwenye kiti chenye kuegemea, umwekee mtoto kifuani, kanga juu, wewe uoge na ulale saa moja. Wakija wageni wasubiri sebuleni.

Usisubiri ushauri wa gazeti ukiona haya: homa, mshono kuwa mwekundu, wa moto, kutoa usaha au kuachia, damu au uchafu wenye harufu mbaya, maumivu makali ya kichwa, mguu mmoja kuvimba na kuuma, titi kuwa jekundu lenye homa. Kwa mtoto: kukataa kabisa kunyonya, kulegea asiamshike, kupumua haraka, kuwa wa moto au wa baridi, degedege, mkojo kupungua, au unjano uliofika viganjani na nyayoni. Hayo ni ya hospitali saa hiyohiyo, hata iwe usiku wa manane. Na kama unajikuta unalia kila siku, hulali hata mtoto akilala, au mawazo mabaya yanakujia, mwambie nesi wa kliniki. Hayo nayo yanatibika.

Kuhusu mtoto wa pili: kupasuliwa mara moja hakumaanishi utapasuliwa tena. Inategemea sababu ya mwanzo, aina ya mshono na hospitali utakayojifungulia, kwa hiyo yaulize mapema. Upe mwili angalau miaka miwili kabla ya kubeba mimba nyingine. Ikionekana ni kisu tena, zungumza nao kliniki mimba ikiwa na miezi 7 hivi. Omba ganzi ya mgongo kama hali itaruhusu. Omba dripu iwekwe kwenye mkono usioutumia sana, gauni lifungwe kwa namna ya kuachia kifua, mtoto akishakaushwa alazwe mshazari juu ya kifua chako, upande wa kichwani wa lile pazia linalowekwa kukukinga usione tumbo, afunikwe, na nesi asimame hapo kumwangalia. Kupima uzito, sindano ya vitamini K na dawa ya macho vinaweza kusubiri mpaka amalize kunyonya. Ikilazimu nusukaputi, mtoto mzima apewe baba kifuani mpaka uamke. Yaandike hayo kwenye karatasi, uyabane ndani ya kadi ya kliniki, na mumeo abaki na nakala, kwa sababu mlango wa thieta ukishafunguliwa ni yeye atakayekuwa na nafasi ya kusema.